Kung'oa visiki Shirimatunda: Nani ajuaye kilichofukiwa chini?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MTI unapokatwa katika kiwanja cha mjini, wengi huona kuwa kazi imekwisha. Matawi hugeuka kuni, gogo huchukuliwa na wapasua mbao, na kinachobaki ni kisiki ambacho mwenye nyumba humkabidhi kibarua mwenye sururu na shoka. Malipo hupatanwa kwa kisiki, si kwa siku, hivyo kibarua hana sababu ya kwenda polepole.

Hata hivyo, katika kata kama Shirimatunda, iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Moshi, hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Chini ya kisiki yaweza kupita bomba la majisafi, bomba la majitaka, waya wa umeme unaotoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya uani au, kandokando ya barabara, kebo ya mawasiliano. Vyote hivyo havionekani, na mara nyingi aliyevifukia si yule anayechimba.

Swali la msingi ni jepesi kulitaja lakini gumu kulijibu: kabla ya sururu kushuka, ni nani anayepaswa kujua kilichopo chini, na anayetaka kujua amuulize nani?

Mji umekua, ardhi ni ile ile

Manispaa ya Moshi ni ndogo kwa eneo. Ina takriban kilomita za mraba 59 tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 184,292, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu zaidi ya 221,000. Ardhi haikuongezeka, watu waliongezeka. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na miti ya mipaka sasa kina nyumba mbili au tatu, kila moja ikiwa na bomba lake, shimo lake la majitaka na waya wake.

Miti yenyewe ina historia. Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro hawajengi bila kupanda. Migrevilea, mikaratusi, miparachichi, miembe na mijakaranda ilipandwa kuwa kivuli, matunda, mbao na kinga ya upepo, na zaidi ya yote kuwa mipaka. Mti wa mpakani uliopandwa miaka 30 iliyopita leo ni mkubwa kupita kiasi. Mizizi yake inainua ukuta na matawi yake yanatishia paa. Baadhi yake, kama mkaratusi, ukikatwa na kuachiwa kisiki huchipua upya, hivyo mwenye kiwanja haoni njia nyingine ila kukitoa kabisa.

Hapo ndipo mti na bomba vinapokutana. Bomba la maji halipitishwi katikati ya ua wa mtu. Hupitishwa kandokando ya mpaka au ya barabara, kwa sababu huko ndiko kusiko na jengo. Mti nao ulipandwa mpakani au kando ya barabara kwa sababu hiyo hiyo. Basi si bahati mbaya kwamba chini ya kisiki cha mpakani pana bomba. Hilo ni jambo la kutarajiwa.

Ipo sababu ya pili. Mizizi hufuata unyevu. Mahali ambapo maungio ya bomba yanavuja kidogo, mizizi hujikusanya, na kwa mabomba ya majitaka huingia ndani kupitia nyufa ndogo na kuziba njia. Baada ya miaka kadhaa, mzizi na bomba huwa vimekumbatiana kiasi kwamba huwezi kuvuta kimoja bila kukivuta kingine.

Njia nne, hatari nne

Visiki hutolewa kwa njia kuu nne, na kila njia ina namna yake ya kudhuru kilichofukiwa.

Ya kwanza, iliyozoeleka zaidi, ni kuchimba kwa mkono. Kibarua huzungushia kisiki shimo, hukata mizizi kwa shoka na kukiinua kwa mtaimbo. Hii ndiyo salama zaidi iwapo inafanywa kwa subira, kwa kuwa mchimbaji huona anachokikaribia. Hatari iko kwenye shoka. Mzizi uliofunikwa na udongo na bomba jeusi la plastiki hufanana mno, na pigo moja linatosha.

Ya pili ni moto. Kisiki hutobolewa, hujazwa makaa na kuachwa kiungue kwa siku kadhaa. Ni njia ya bei nafuu na haihitaji nguvu nyingi, na kwa sababu hakuna chuma kinachoshuka ardhini wengi huiona kuwa haina madhara kwa bomba. Ukweli ni kinyume. Mabomba ya PVC huanza kulainika katika nyuzijoto 80 hivi, na yale ya polithini huyeyuka katika nyuzijoto 130 hivi, ilhali makaa yanayowaka huzidi nyuzijoto 500. Moto hutambaa ndani ya mizizi mikavu bila kuonekana juu. Bomba lisilo na maji ndani, hasa nyakati za mgao au la nyumba isiyokaliwa, halina cha kulipoza.

Ya tatu ni kuvuta kwa mnyororo, kwa kutumia trekta, lori au katapila. Kisiki hutoka kwa dakika chache, lakini hutoka na kila kilichoshikana nacho. Bomba laweza kukatika si hapo kwenye shimo, bali mita kadhaa mbali, kwenye ungio dhaifu. Mvutaji huondoka na kisiki chake akiamini hakuna kilichoharibika, na jirani wa tatu ndiye anayeona dimbwi siku ya pili.

Ya nne ni mashine ya kusaga visiki, ambayo katika nchi zilizoendelea ndiyo ya kawaida. Ni gurudumu la chuma lenye meno magumu linalozunguka kwa kasi na kukigeuza kisiki kuwa vumbi la mbao. Kwa kawaida husaga hadi sentimita 20 au 30 chini ya uso wa ardhi. Faida yake ni kwamba haivuti mizizi wala haihitaji shimo kubwa. Kasoro yake ni kwamba mwendeshaji haoni jino linapofika, na jino halitofautishi mzizi na waya. Bomba kuu lililolazwa vizuri hukaa chini zaidi ya kina hicho. Lakini bomba la mteja lililofukiwa na fundi wa mtaani kwa haraka mara nyingi haliko mbali na uso wa ardhi, na mvua za masika za miaka mingi huweza kuwa zimeondoa sehemu ya udongo uliolifunika.

Bomba ni la nani?

Katika Manispaa ya Moshi, maji husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi (MUWSA), ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa miongoni mwa mamlaka zinazofanya vizuri nchini. Sehemu ya maji hayo hutoka kwenye chemchemi za miteremko ya mlima, zikiwamo za Nsere na Shiri, na hushuka kwa mserereko. Huo ni utajiri, lakini una maana yake katika suala hili. Maji yanayoshuka yenyewe hayasimami umeme unapokatika. Bomba likipasuliwa litamwaga mpaka mtu afike kwenye valvu na kuifunga.

Mpaka wa wajibu uko kwenye dira ya maji. Kwa utaratibu wa kawaida, miundombinu hadi kwenye dira ni ya mamlaka, na kuanzia dira kuingia ndani ni ya mteja. Maana yake ni kwamba mamlaka inaweza kuonyesha bomba lake lilipopita, lakini haina ramani ya bomba ambalo mwenye nyumba alijivutia mwenyewe kutoka kwenye dira hadi jikoni, bandani na kwenye bustani. Ramani hiyo, kama ipo, imo kichwani mwa fundi bomba aliyefanya kazi. Fundi akihama au mwenye nyumba akiuza kiwanja, ramani hiyo hupotea.

Umeme una sura hiyo hiyo, ila adhabu yake ni kali zaidi. Sehemu kubwa ya mtandao wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) mitaani hupita juu ya nguzo, na jambo hilo huwafanya wengi waamini kuwa ardhini hakuna umeme. Lakini baada ya mita ya LUKU, wenye nyumba wengi hujipitishia waya chini ya ardhi kwenda nyumba ya uani, taa za geti, kibanda cha biashara au pampu. Waya huo wa volti 230 ukifukiwa bila bomba la kinga, shoka lenye mpini mbichi au mtaimbo wa chuma mtupu humfikisha mchimbaji kwenye umeme moja kwa moja.

Kuzima swichi kuu ya nyumba kabla ya kuchimba ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Swichi hiyo huzima nyaya zilizo baada yake tu. Ikiwa kwenye nguzo ya jirani kuna kebo inayoshuka na kuingia ardhini, hiyo ni ya shirika na haizimwi kutoka ndani ya nyumba. Kuiona tu kunatosha kusimamisha kazi hadi shirika liulizwe.

Kando ya barabara kuna jambo la tatu. Tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza mwaka 2009, na kampuni za simu kuongeza nyaya zao, kebo za nyuzi za kioo zimezidi kupitishwa ardhini. Kebo hiyo haina hatari ya kumrusha mtu, lakini kukatika kwake huweza kuzima mawasiliano ya benki, hospitali na ofisi nyingi kwa mara moja.

Hasara isiyoonekana

Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Bomba linalomwaga lita moja kwa sekunde hupoteza lita 86,400 kwa siku. Hizo ni uniti 86 za maji, au ndoo 4,320 za lita 20. Uvujaji wa namna hiyo ukitokea Ijumaa jioni na kuripotiwa Jumatatu, mtaa mzima utakuwa umepoteza maji ambayo familia moja isingeyamaliza kwa miezi mingi.

Ikiwa ajali imetokea kabla ya dira, maji hayo hupotea kwa hasara ya mamlaka, ambayo mwishowe hurudi kwa wateja wote kupitia bei. Ikiwa imetokea baada ya dira, ankara humfuata mwenye nyumba, hata kama aliyekata ni kibarua wa jirani.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko fedha ni ya afya. Bomba lililopasuka hutoa maji likiwa na msukumo. Msukumo ukishuka, kwa mfano mamlaka inapofunga valvu ili kutengeneza, bomba hilo hilo huweza kuvuta ndani kilichopo nje yake. Katika kiwanja ambacho bomba la maji, shimo la choo na kisiki vimebanana katika mita chache, kilichopo nje si udongo mtupu. Nchi haijasahau mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi. Ndiyo maana ukarabati wa haraka wa kufunga bomba kwa mpira wa baiskeli na kufukia, unaofanywa ili mwenye mali asijue, ni hatari kuliko ajali yenyewe.

Sheria ipo, mlango haupo

Si kweli kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inafanya uharibifu wa miundombinu ya maji kuwa kosa. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inalinda miundombinu ya umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda anayemfanyia kazi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na anayetaka kupitisha bomba au kebo katika hifadhi anahitaji idhini ya mamlaka ya barabara.

Aidha, ukataji wa miti mkoani Kilimanjaro si jambo la kujiamulia. Mwenye mti hutakiwa kupata kibali, na njia ya kukipata huanzia kwenye ofisi za serikali za mitaa. Kibali hicho, hata hivyo, hutazama mti ulio juu ya ardhi. Huuliza mti gani na kwa sababu gani. Kilichopo chini ya mti hakimo katika maswali.

Kwa hiyo mwananchi mwenye nia njema anakutana na milango mingi. Kwa bomba la maji aende MUWSA. Kwa umeme aende TANESCO. Kwa kebo aende TTCL au kampuni ya simu asiyoijua. Kwa barabara ya mtaa aende kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, na kwa barabara kuu aende TANROADS. Anayetaka kutoa kisiki kimoja hawezi kuzunguka ofisi tano, na kwa kweli hazunguki. Humwita kibarua.

Wenzetu walivyofanya

Nchi nyingine zilijifunza kwa gharama. Tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi lililipuka Ghislenghien nchini Ubelgiji na kuua watu 24. Bomba hilo lilikuwa limejeruhiwa na mashine wakati wa kazi za ujenzi zilizotangulia. Halikupasuka siku lilipokwaruzwa. Lilipasuka baadaye, msukumo wa gesi ulipopanda. Funzo lake linazihusu nchi zote: bomba lililokwaruzwa na kufukiwa kimya kimya ni ajali iliyoahirishwa.

Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, namba moja ya simu, 811, hutumika nchi nzima. Anayetaka kuchimba, hata kama ni kupanda mti au kutoa kisiki nyumbani kwake, hupiga simu hiyo siku chache kabla. Wenye mabomba na nyaya huarifiwa na huja kuweka alama za rangi juu ya ardhi bila malipo: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, rangi ya chungwa kwa mawasiliano, buluu kwa maji ya kunywa na kijani kwa majitaka. Hata huko, nyaya na mabomba binafsi ya mteja kwa kawaida hayahusiki, na mwenye nyumba hutakiwa kuyatafuta mwenyewe. Uingereza nayo imekuwa ikijenga daftari moja la kitaifa la ramani za vilivyofukiwa.

Teknolojia husaidia lakini haimalizi kazi. Vipimo vya sumakuumeme hugundua bomba la chuma na waya wenye umeme, lakini haviwezi kugundua bomba la plastiki isipokuwa liwe limefukiwa pamoja na waya wa kuliongoza. Rada ya ardhini nayo hupungukiwa nguvu katika udongo wa mfinyanzi. Kwa sababu hiyo, hata wenye vyombo hivyo bado huchimba kwanza mashimo madogo ya majaribio kwa mkono.

Kinachowezekana Shirimatunda

Moshi haihitaji kusubiri namba ya simu ya kitaifa. Mwaka 2022, kuelekea sensa, nchi ilifanya operesheni ya Anwani za Makazi na kuzipa nyumba namba na mitaa majina. Nchi iliyoweza kuweka alama juu ya ardhi yaweza kuanza kuweka alama za kilichopo chini, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtaa.

Hatua ya kwanza ni kuongeza swali moja kwenye utaratibu wa kibali cha kukata mti: je, kisiki kitatolewa, na kwa njia gani? Jibu likiwa ndiyo, afisa mtendaji hupeleka taarifa kwa mamlaka husika badala ya kumwachia mwananchi azunguke. Kwa mamlaka ya maji, gharama ya kumtuma fundi aonyeshe bomba ni ndogo kuliko ya kulitengeneza.

Hatua ya pili ni ya mwenye nyumba. Kabla ya kuchimba, atafute dira ya maji, koki na mifuniko ya chemba, kisha avute mstari wa mawazo kutoka kimoja hadi kingine. Bomba kwa kawaida hufuata mstari huo. Mahali udongo ulipobonyea kama mfereji mwembamba, au majani yanapostawi wakati wa kiangazi, pana jambo chini. Afunge koki, azime swichi kuu, na kumuuliza jirani pamoja na mmiliki wa zamani.

Hatua ya tatu ni ya mchimbaji. Achimbe mashimo ya majaribio kwa jembe pande zote za kisiki kabla ya kuinua shoka, na asikate mzizi asioona pande zake mbili. Asitumie moto wala mnyororo penye bomba karibu. Ikiwa bomba limekumbatiwa na mizizi, kisiki kikatwe usawa wa ardhi na kuachwa kioze, huku machipukizi yakiondolewa kila yanapotokea. Si kila kisiki lazima kitoke.

Hatua ya nne ni alama. Wachaga wamepanda isale mpakani kwa vizazi vingi, na kila mpita njia huelewa maana yake bila kuambiwa. Fundi anayefukia bomba leo anaweza kuacha alama ya namna hiyo: nguzo fupi za zege kwenye kona, utepe wa rangi sentimita 30 juu ya bomba, na mchoro mmoja kwa mwenye nyumba na mwingine katika ofisi ya mtaa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bomba lenyewe.

Wanaopoteza zaidi utaratibu huu ukikosekana si wenye ofisi. Ni kibarua anayelipwa kwa kisiki, ambaye hakufukia chochote na hakuambiwa lolote, na ndiye mkono wake unaoshika mtaimbo. Kumpa mchoro kabla ya kumpa sururu ni wajibu wa anayemwajiri, na kuhakikisha mchoro huo upo ni wajibu wa mamlaka zilizofukia.